Nusu Saa ya Pamba

Faida mwanangu,

Umetoka saa tano kwenda kusukwa kule Chaussée de Wavre, na kwa misuko ile myembamba uliyoitaka hutanyanyuka kwenye kiti cha watu kabla ya magharibi. Nina mchana mzima. Nimefuta meza ya jikoni, nimezima redio, nimemwambia jirani wa juu kwamba leo sina chai wala umbea. Kesho saa nne asubuhi basi la uwanja wa ndege linaondoka kituo cha Gare du Midi hapa Bruxelles, na jioni utakuwa Riga.

Mambo ya soksi za sufu, dawa ya kifua, kusali na kupiga simu Jumapili umeshayasikia mpaka yamekuchosha. Hayamo humu. Naandika kwa Kiswahili cha shule, kile masista walichotufundisha kwa fimbo, kwa sababu mimi na wewe tukizungumza hapa nyumbani nusu yake ni Kifaransa, na Kifaransa kinanisaidia kujificha.

Jumatano nilipiga pasi makoti mawili meupe ya udaktari, nikayaweka juu kabisa kwenye sanduku lako. Alhamisi nikayakuta kabatini, nyuma ya mashuka. Nikasema labda umepanga upya, nikayarudisha. Leo umeondoka, nimefungua kabati nitafute taulo, na makoti ni yale yale, nyuma ya mashuka yale yale, yamekunjwa vizuri kuliko nilivyoyakunja mimi. Mtu akisahau kitu hakikunji hivyo.

Ningeweza kukupigia simu sasa hivi, nikuulize. Ungesema, "Ça va, Maman, ni sawa, nimesahau tu," nami ningeyarudisha sandukuni mara ya tatu, na kesho tungepigana busu kwenye basi. Najijua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nina jambo la kukusimulia, na ukilisoma utaona kwa nini leo nimechagua karatasi.

Unajua nilikuwa daktari wa meno Bukavu, kwetu Kongo, na unajua nilikimbia kwa sababu ya siasa. Ndivyo ninavyowaambia watu kanisani, na ndivyo nilivyokuambia tangu mdogo: mama alidai haki, wakubwa wakakasirika, mama akakimbia. Si uongo. Ila kuna kipande nilikiacha nje.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Chumba changu cha kazi kilikuwa Kadutu, karibu na soko. Kiti kimoja, mashine moja ya kuchimba meno iliyofanya kazi siku umeme ukipenda, na benchi la watu wenye mashavu yaliyovimba. Nje ya kazi nilikuwa kwenye kikundi. Tulikuwa watu kumi na wachache: mwalimu, mwanafunzi wa sheria, fundi wa redio, watu wa namna hiyo. Tulikuwa tunataka wakubwa ambao muda wao umekwisha waondoke, basi. Silaha yetu ilikuwa ville morte: siku moja mji mzima unabaki nyumbani, maduka yamefungwa, soko tupu, hakuna gari. Ili mji mzima ubaki nyumbani lazima kila mtaa uwe na kamati, watu wa kupitisha neno. Wenzangu walihangaika sana kuwatafuta watu hao. Walifungiwa milango, walifukuziwa mbwa. Mimi sikuhangaika hata kidogo. Watu wangu walikuja wenyewe, wakakaa, wakafungua mdomo.

Umekulia kliniki, umeona. Mtu akilala kwenye kile kiti, pamba shavuni, ganzi inapanda, mrija wa kunyonya mate umening'inia kwenye mdomo, hana la kusema. Daktari ndiye anayeongea. Anaongea juu ya mvua, juu ya mpira, ili mgonjwa asifikirie sindano. Mimi niliongea siasa. Na nilikuwa najua kuongea, we acha tu. Nilikuwa nachimba jino huku napanga maneno, nayamaliza yote mawili kwa wakati mmoja. Mgonjwa amenikodolea macho, anasema "aah", mimi namwambia, "Unaona? Hata wewe unaelewa!" Akiondoka nachukua daftari langu la shule, naandika jina lake na mtaa wake. Kwenye mkutano nilikuwa nasoma majina ishirini, wenzangu wananipigia makofi. Nilikuwa natamba kweli. Katika kikundi kizima mimi peke yangu sikuwahi kuambiwa hapana, na sikujiuliza kwa nini.

Sokoni alikuwapo mama mmoja anauza unga wa muhogo. Nitamwita kama tulivyomwita wote, Maman Vumilia. Mjane, mfupi, sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya bonde. Akisema bei ya unga leo ni hii, wanawake wote wa ule mstari wanasema hiyo hiyo. Alikuja na gego la chini limeoza, na jirani yake limekufa kabisa. Mwingine ningemng'olea yote mawili asubuhi moja. Yeye alinisihi nimwachie gego, maana upande ule ndio uliobaki wa kutafunia. Nikakubali. Kuokoa gego kama lile ni kazi ya kurudi na kurudi. Alikuja mara tatu.

Mara ya kwanza nilimweleza ville morte ni nini. Mara ya pili nilimweleza kwamba bila wanawake wa soko hatuna kitu. Mara ya tatu nilimalizia gego, nikang'oa lile lililokufa, na bado mdomo wake ukiwa wazi nikamwambia, "Maman, wewe ndiye utakuwa mukubwa wa kamati ya soko. Sioni mwingine." Halafu nikamwekea pamba pale lilipotoka jino, nikamwambia ninachowaambia wote: "Uma hii pamba nusu saa. Usiseme."

Alifika mlangoni, akageuka. Akapeleka vidole mdomoni, anataka kuitoa pamba. Nikamkemea, "Maman! Damu itatoka! Nenda, utaniambia siku ingine." Akasimama kidogo pale. Mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia, ameshaanza kuvua kofia. Akaenda. Nikaandika jina lake juu kabisa ya ukurasa, nikalipigia mstari, nikanawa mikono.

Hazikupita hata wiki mbili, daftari likakamatwa. Nilikuwa naliweka kwenye droo ya koleo za kung'olea, nikidhani ni maficho ya akili, kwa sababu nani apende kufungua droo ile? Askari waliifungua. Mimi siku hiyo nilikuwa kwa masista natibu mmoja wao. Mlinzi wa jengo letu alinipigia simu, akasema maneno mawili, "Docteur, usirudi." Sikurudi. Siku ile ile nilivuka daraja la mpakani la Ruzizi kwa miguu na mkoba wa koleo mkononi, kama mtu anayekwenda kumtibu mgonjwa ng'ambo. Nilikuwa nimeushawishi mji mzima ubaki nyumbani, na wa kwanza kuondoka nikawa mimi.

Wale walioandikwa hakuna mlinzi aliyewapigia simu. Walichukuliwa mmoja mmoja. Wengi waliachwa baada ya siku mbili tatu, kwa sababu kila walichoulizwa hawakukijua, na ilionekana wazi kwamba hawakijui. Maman Vumilia aliwekwa ndani siku kumi na moja. Jina lake lilikuwa na mstari. Gego nililolihangaikia mara tatu lilivunjwa siku ya kwanza.

Mambo haya sikuyajua wakati ule. Niliyajua baadaye, nawe ukiwa na miaka sita, na nitakueleza nilivyoyajua. Kwanza nipitie kwa Tantine Ilze, kwa sababu ndiye unayekwenda kukaa kwake, na unamjua kwa keki zake tu.

Nilifika Bruxelles nina mimba yako. Baba yako alifika baada yangu, akakaa, kisha akaenda zake Liège, hilo unalijua na hana ubaya. Kuhusu diploma yangu waliniambia nianze upya karibu yote. Nilikuwa na mtoto mchanga na nyumba hii ndogo hapa Saint-Gilles, ghorofa ya nne, ngazi nne juu. Nikachukua kazi niliyoipata, kuosha vyombo kwenye kliniki ya meno, chini ya nyumba ile ya matofali mekundu. Mwenye kliniki ndiye Ilze, mama wa Kilatvia, mrefu, Kifaransa chake kimevunjika kuliko changu. Siku ya kwanza alinitazama ninavyoshika koleo, akasema, "Wewe si wa kuosha." Baada ya mwezi nilikuwa msaidizi wake, pembeni ya kiti. Nilibaki pale mpaka alipofunga.

Alikuwa na tabia moja iliyonitia wazimu. Kabla ya uamuzi wowote, hata mdogo, hata wa kuziba kijitundu, alisimamisha kila kitu. Anatoa pamba, anatoa mrija, anakinyanyua kiti mpaka mgonjwa anakaa wima, anampa glasi ya maji. Mgonjwa anasukutua, anatema, anajifuta. Ndipo Ilze anauliza swali lake, anaweka mikono mapajani, anangoja. Anangoja, Faida, mpaka mimi naona aibu. Kila siku tulifunga tumechelewa. Nilikuwa nawachekesha wenzangu wa kwaya kwa kumwigiza: glasi, mikono mapajani, macho ya kondoo. Nilisema wazungu wa kule kwenye baridi akili zao zinachelewa kuyeyuka.

Basi, ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa dukani Matonge, kule kule unakosukwa leo, wewe unalilia soda, mimi nachagua majani ya sombe, nikasikia mwanamke nyuma yangu anaongea kama watu wa Kadutu. Tukasalimiana, tukatajiana watu. Nikamtaja Maman Vumilia. Akasema yuko, mbona anauza palepale, akanieleza habari ya siku kumi na moja kama mtu anayeeleza ajali ya zamani. Hakujua anamweleza nani. Akanipa namba.

Nilipiga Jumapili baada ya misa. Nilieleza. Ee Mungu wangu, nilieleza! Daftari, droo, mlinzi, Ruzizi, usingizi ninavyoukosa, ninavyomtaja kwenye sala. Dakika ishirini nzima. Upande wa pili kimya. Nikadhani analia, nikaanza kumfariji. Ndipo akasema, taratibu kabisa:

"Docteur, umemaliza? Bon. Sasa mi naweza sema?"

Nikasema ndiyo.

"Siku ile nilitaka kukuambia non. Niko na batoto sita, bwana alishakufa. Mi si muntu wa mambo ile. Mara ya kwanza nataka kusema, unaniambia fungula kinywa. Mara ya pili, fungula kinywa. Mara ya tatu unaniweka pamba, unanifukuza. Alors, kule ndani banauliza, we ni mukubwa wa kamati? Nasema non. Banasema, jina yako iko na mustari. Hata bale ba kule ndani, Docteur, baliniuliza. We haukuniulizaka."

Nimesimama katika maisha yangu mbele ya watu wenye bunduki. Hakuna aliyenikata miguu kama yule mama kwa sauti ile ya kuuza unga. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Pardon nilishakupa zamani, mbele ya Mungu. Lakini usinipigie tena juu ya kulia. Ukinipigia, unipigie juu ya kuniuliza habari."

Tangu hapo nampigia kila Noeli na kila Pasaka. Nauliza habari, halafu nanyamaza. Ndizo zile simu unazonicheka, unasema, "Maman, réseau imekatika, mbona husemi?"

Jumatatu yake nilikwenda kazini na uso wa mtu aliyefiwa. Ilze hakuniuliza kitu mpaka mgonjwa wa mwisho alipotoka. Akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha mgonjwa, wima, mikono mapajani, akaniuliza nina nini, akangoja. Nikamweleza yote. Hakusema pole. Alinieleza maisha yake, mara moja tu, na sikuwahi kuyasikia tena kutoka kwake.

Alisoma meno Riga wakati nchi yao iko chini ya Wasovieti. Mwaka wa pili jino lilimuuma, profesa wake akamtibu mbele ya darasa. Kulikuwa na minong'ono kwamba Ilze anakaa na wanafunzi wanaosema vibaya juu ya serikali. Yule profesa alimchimba jino polepole, huku anamweleza jinsi chama kinavyowapenda vijana, na jinsi msichana mwenye akili asivyoweza kuwa na shaka juu ya hilo. Kila baada ya sentensi anamuuliza, "Si ndiyo?" Darasa zima linatazama. Chombo kiko mdomoni. Ilze aliniambia, "Niliapa siku ile kwamba sitasema neno na mtu ambaye hawezi kunijibu."

Akawa daktari, na akawa mpinzani vilevile. Mikutano yao waliifanya kwenye chumba cha kungojea, watu wamekaa wima na mashavu yao wameyafunga vitambaa kama wagonjwa, karatasi za siri chini ya trei ya kuchemshia vyombo. Na kila mtu aliulizwa mara mbili, siku mbili tofauti, kama anataka kuingia. Wengi walikataa. Kikundi chake kilibaki kidogo, wenzake wakamlaumu kwamba kwa mwendo ule uhuru utafika wote wamezeeka. Alikamatwa, akafukuzwa hospitalini, akapelekwa kutibu meno ya wafanyakazi wa kiwanda cha samaki huko pwani. Uhuru ulipofika, baadhi ya wenzake wakawa mawaziri. Yeye akabaki na meno. Baadaye akamfuata mume wake Bruxelles, wakazeeka hapa, akamzika hapa.

Nilimuuliza, "Na wale uliowauliza mara mbili, ulipokamatwa, walifanya nini?" Akasema hakuna hata mmoja aliyeondoka. Kisha akaniambia nifunge madirisha, tumechelewa.

Ungedhani baada ya hapo nimejifunza. Mimi pia nilidhani. Nilikuwa napita kwenye kliniki na glasi ya maji kama padri na kikombe chake, nawauliza wagonjwa, nangoja. Niliacha kumwigiza Ilze. Nilijiona mtu mpya.

Halafu likaja gego lako la mwisho, miaka miwili iliyopita. Unakumbuka, ulikuwa umevimba huku, ulikuja na skafu ya shule. Ilze alikuwa mwaka wake wa mwisho hapa. Yeye anang'oa, mimi nimeshika mrija, mdomo wako wazi mpaka kooni. Akataja tu, kwa kupitisha muda, kwamba anarudi kwao, nyumba ya dada yake ina chumba kitupu, na Riga kuna chuo cha meno kinachochukua wageni. Akili yangu ikawaka. Nikaanza. "Faida, unasikia? Utasoma Riga! Utakaa kwa Tantine! Utakuwa daktari, na diploma yako hapa hakuna atakayeikataa. Kile walichoninyima mimi utakichukua wewe." Niliendelea, sikumbuki yote. Nakumbuka ulinitazama. Nakumbuka nilisema, "Unaona? Amefurahi."

Ilze aliweka koleo chini. Akanyoosha mkono, akachukua mrija mkononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Hakusema kitu mbele yako. Ulipokwenda kuvaa koti, akaniambia, "Espérance, mwulize tena Jumatatu, akiwa anakula."

Nikamwambia, "Amekubali. Hukuyaona macho yake?"

Akasema, "Niliyaona."

Nami mwenyewe nilikuwa nimeshakuwekea pamba, nimeshakuambia usiseme nusu saa. Tulipanda ngazi zetu nne, wewe umeuma pamba, mimi naongea njia nzima juu ya Riga. Ulipoitoa, nilikuwa kwenye simu tayari nawaambia watu wa kwaya.

Jumatatu sikukuuliza. Jumatatu nilianza kutafuta vyeti vyako.

Tangu siku ile, kila nikitaja Riga, jibu lako ni moja, "Ça va, Maman." Ulipojaza fomu, ça va. Ulipofaulu mtihani wa kuingia, watu wakapiga vigelegele kanisani, nawe ulitabasamu kwa mdomo uliofungwa, ça va. Nimekaa hapa tangu adhuhuri najaribu kukumbuka mara moja tu uliposema "nataka". Nimekumbuka ulivyosema unataka baiskeli, ukiwa na miaka tisa, na unataka tuondoe lile zulia la kijani. Juu ya Riga sijakumbuka.

Usidhani kwamba nimeshajua. Sijui. Labda unataka kwenda, ila makoti ni mabaya, au ni makubwa, au yananuka mimi. Labda unaogopa tu, na kuogopa kuondoka nyumbani ni kitu cha kawaida, mimi niliogopa na nilikuwa mtu mzima. Labda hutaki kabisa, na umejikaza miaka miwili kwa sababu hakuna mahali nilipoacha nafasi ya neno lako. Nimejisifu maisha yangu yote kwamba nasoma macho ya watu. Umeona nilivyoyasoma ya Maman Vumilia.

Sitakudanganya kwamba jibu lolote ni sawa kwangu. Ukisema hapana nitaumia. Nitaumia vibaya, nitaona aibu mbele ya watu, nitakaa siku kadhaa na sura ya kufunga. Nilitaka mtu wa damu yangu ashike koleo na asiulizwe karatasi. Hiyo ni kiu yangu mimi, nami ndiye wa kuimeza. Haitaniua. Lakini nikikupandisha kwenye lile basi nikiwa nimekuandika jina na kulipigia mstari, halafu siku moja, una miaka arobaini, unipigie simu kutoka huko uniambie kwa sauti ya utulivu kwamba ulitaka kusema non, hapo sijui kama nitasimama tena. Nakupenda kuliko nilivyopenda kuwa daktari. Nimeliandika hilo mara moja, lisome mara mbili.

Saa nane nilimpigia Ilze. Nilimweleza makoti. Akangoja kidogo, kama kawaida yake, akasema, "Chumba kipo. Akija, nimeshatandika. Asipokuja, nitaweka baiskeli yangu humo, ngazi zimenichosha." Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema hajaulizwa swali gumu hivyo tangu aamke. Nadhani alikuwa anacheka.

Sasa nisikilize, ni jambo la mwisho. Makoti nimeyatundika nyuma ya mlango wako. Siyarudishi sandukuni na siyafichi. Barua hii naiweka sandukuni juu ya nguo zako, pale yalipokuwa. Ukirudi usiku wa leo na kichwa kinauma kwa misuko, soma, lala, usije kunigongea. Nikikusikia mlangoni nitaanza kuongea, unanijua.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi utanikuta mezani. Chai itakuwa tayari, glasi ya maji itakuwa upande wako, saa ya ukutani tutaiona wote wawili. Na mimi nitakuwa nimeuma pamba. Si utani. Ninazo za kliniki, zile za mviringo, nimechagua iliyo nene. Cheka ukitaka, hata mimi nimejitazama kwenye kioo nikacheka. Nitaiuma nusu saa kamili, na nikijaribu kuitoa una ruhusa ya kunikemea kwamba damu itatoka.

Ukisema unakwenda, nitashuka nawe ngazi zote nne na sanduku nitabeba mimi. Ukisema huendi, tutavua viatu, tutakunywa chai mpaka iishe, na basi litaondoka na watu wake. Ukitaka kitu ambacho sijawahi kukisikia, kiseme, hata kama kitanitoa macho. Ukikaa kimya nusu saa nzima, nitakaa kimya nawe, halafu nitaongeza pamba nyingine.

Swali naliandika hapa, ili kesho nisilipambe kwa mdomo wangu. Faida, wewe unataka nini?

Nimemaliza. Sasa unaweza kusema.

Maman